Inulini na mlango wa mifupa: kisa cha unga wa chikori kwenye lebo za Marekani

Kipande cha nafaka kiitwacho Fiber One, kile cha oti na chokoleti cha kampuni ya General Mills ya Marekani, si kikubwa kuliko kashata mbili zilizobandikwa pamoja. Kwa miaka mingi lebo yake iliandika gramu 9 za nyuzinyuzi. Hizo si haba. Ukizitaka gramu 9 kwa njia ya kwetu, unakaa chini na bakuli la maharage. Siri ya kile kipande iko upande wa pili wa pakiti, kwenye orodha ya viungo, ambayo kwa sheria ya Marekani hupangwa kwa uzito: kinachotangulia ndicho kingi. Mbele ya oti, mbele ya chokoleti, mbele ya sukari, kilikaa kiungo ambacho wanunuzi wengi hawajawahi kukiona shambani: dondoo la mizizi ya chikori. Kinachotafutwa ndani ya dondoo hilo ni inulini.

Kisa ninachokichambua kilianza tarehe 27 Mei 2016 na kikapata jibu Juni 2018. Katikati ya tarehe hizo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilikuwa ikijiuliza swali ambalo kwa mnunuzi dukani lingeonekana la ajabu: unga huu ni nyuzinyuzi kweli? Jibu likawa ndiyo. Kinachonivutia si jibu, ni mlango ulioingiliwa. Inulini inasifika duniani kote kama chakula cha bakteria wema wa tumboni. Sifa hiyo ndiyo inayouza, ndiyo inayojaa kwenye matangazo. FDA iliiweka sifa hiyo pembeni, ikaipitisha inulini kwa sababu ya mifupa.

Siyo insulini

Tuanze na jina, maana kila ninapoitaja inulini kuna anayeuliza kama ni ile ya wagonjwa wa kisukari. Siyo. Insulini ni homoni inayotoka kwenye kongosho. Inulini ni akiba ya chakula ambayo baadhi ya mimea huificha ardhini, mahali ambapo muhogo na viazi huweka wanga. Mjerumani Valentin Rose aliipata mwaka 1804 katika mizizi ya mmea uitwao Inula helenium, na mwaka 1817 Thomas Thomson akaipa jina kutokana na mmea huo. Na kama vile jina halijatosha kuchanganya watu, inulini nayo hudungwa kwa sindano: madaktari wameitumia kwa miongo mingi kupima uwezo wa figo, kwa kuwa figo huichuja bila kuirudisha kwenye damu. Lakini hayo ni ya hospitali, sisi tuko jikoni.

Molekuli yake ni mnyororo wa fruktosi, kuanzia pingili mbili hadi kama 60, ambao kwa kawaida huwa na glukosi moja mwishoni. Pingili hizo zimeshikana kwa kifungo ambacho vimeng'enya vya binadamu havina ufunguo wake. Ukiila, inapita tumboni, inapita utumbo mwembamba, inafika utumbo mpana karibu yote ikiwa nzima. Huko inawakuta bakteria wenye ufunguo. Wanaikatakata, wanaichachusha, wanatoa asidi fupi za mafuta (asetati, propionati na butirati) pamoja na gesi. Gesi tutairudia, hakuna namna ya kuikwepa.

Wengi wetu tunaila bila kujua. Vitunguu maji vina kiasi cha asilimia 2 hadi 6 ya uzito wake, vitunguu saumu 9 hadi 16, ngano 1 hadi 4, ndizi chini ya asilimia 1. Makadirio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1999 yaliweka ulaji wa wastani wa Mmarekani kuwa kama gramu 2.6 za inulini kwa siku, sehemu kubwa ikitoka kwenye ngano, ikifuatiwa na vitunguu. Lakini hakuna anayekamua vitunguu kiwandani. Mmea unaolipa ni chikori, ambao mizizi yake ina inulini asilimia 15 hadi 20 na unastawi vizuri kwenye baridi ya kaskazini mwa Ulaya. Mizizi hiyo hiyo, ikikaangwa na kusagwa, imekuwa ikichanganywa na kahawa tangu enzi za Napoleon, bandari zilipofungwa na kahawa ikaadimika.

Kiwanda cha inulini ni ndugu wa damu wa kiwanda cha sukari ya biti. Mizizi huoshwa, hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa katika maji ya moto yanayoichomoa inulini, juisi husafishwa kwa chokaa na gesi ya kaboni dioksaidi, kisha hukaushwa ikawa unga mweupe usio na harufu. Ndiyo maana waliofungua njia ni watu wa sukari: Oreye na Warcoing nchini Ubelgiji, Roosendaal nchini Uholanzi. Nchi zao zilikuwa na sukari ya kutosha na kusaza, soko lake limefungwa kwa mgao wa Ulaya, na mashine zimesimama hapo hapo. Chikori ikawapa kazi mpya kwa mitambo ya aina ile ile.

Kilichofuata ni ufundi wa kuuza. Minyororo mifupi ni mitamu, kama theluthi moja ya utamu wa sukari, kwa hiyo inaweza kuchukua nafasi ya sukari kwenye biskuti na mtindi. Minyororo mirefu haina utamu wa maana, lakini ikisagwa na maji inatengeneza urojo laini unaoteleza mdomoni kama mafuta, kwa hiyo inachukua nafasi ya siagi au malai. Mtengenezaji anaweza kupunguza sukari kwa mkono mmoja na mafuta kwa mkono mwingine, kisha akaandika nyuzinyuzi zimeongezeka. Sijui kiungo kingine kinachofanya kazi tatu za namna hiyo na bado kikaitwa mmea.

Nyuzinyuzi ni kile ambacho maabara inakiona

Kabla ya 2016, kanuni za lebo za Marekani hazikuwa na maelezo yao wenyewe ya nyuzinyuzi, yaani makapimlo kama wataalamu wetu wa lishe wanavyopenda kuyaita, ni kitu gani. Kilichohesabika ni kile kilichopimwa na njia za maabara zilizokubaliwa. Linaonekana jambo dogo la kiufundi, na ndilo lililozaa kisa chote.

Njia ya zamani ilitegemea pombe. Sampuli ya chakula humeng'enywa kwa vimeng'enya ili wanga na protini ziondoke, kisha humiminiwa pombe kali ya asilimia 78. Nyuzinyuzi zinazama chini, zinachujwa, zinakaushwa, zinapimwa. Sehemu kubwa ya inulini haizami. Inabaki imeyeyuka kwenye ile pombe na kumwagwa nayo. Mtu angeweza kula kijiko kizima cha inulini na maabara ikasema hakuna kitu. Mwaka 1997 jumuiya ya wakemia wa vipimo, AOAC, ikakubali njia maalumu ya kupima minyororo ya fruktosi, na unga ule ule uliokuwa hauonekani ukaanza kuonekana kwa kila gramu. Hakuna kilichobadilika ndani ya chikori. Kilichobadilika ni chujio.

Kuanzia hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Weka unga, pima, andika. Keki, aiskrimu, peremende na vipande vya nafaka vikaanza kushindana na dengu kwenye mstari wa nyuzinyuzi. Watetezi wa walaji, wakiwamo Center for Science in the Public Interest, wakalalamika kwamba unga uliotolewa kwenye mzizi na kunyunyiziwa kwenye chokoleti hauwezi kulinganishwa na nyuzinyuzi zilizomo ndani ya maharage, ambazo zinakuja na protini, madini na kazi ya kutafuna. Ushahidi wa faida za nyuzinyuzi uliokusanywa kwa miaka mingi, walisema, ulitoka kwa watu waliokula vyakula vizima. Hakuna aliyewafuatilia watu wa kashata zilizonyunyiziwa unga.

Mimi hapa nawaunga mkono nusu. Hoja yao kuhusu ushahidi ni ya kweli. Hoja ya kwamba kitu kikitolewa kwenye mmea kinakuwa bandia haina miguu. Chumvi ya bahari nayo imetolewa baharini.

Kanuni ya Mei 2016 ilijaribu kukata mzizi wa ugomvi. Ilizigawa nyuzinyuzi mafungu mawili. Zile zilizomo ndani ya mmea, nzima na mahali pake, zinahesabiwa bila maswali. Zile zilizotolewa au kutengenezwa kiwandani zinahesabiwa pale tu FDA yenyewe itakaporidhika kwamba zina manufaa kwa mwili wa binadamu. Kwa kuanzia saba zilipita, zikiwamo pektini, ganda la sailiamu, selulosi na beta-glukani. Inulini haikuwamo.

Ukitazama kwa makini utaona kichekesho. Inulini iliyomo ndani ya kitunguu ni nyuzinyuzi. Inulini hiyo hiyo ikitolewa kwenye mzizi na kukaushwa, si nyuzinyuzi hadi ithibitishwe. Kikemia ni kitu kimoja. Ila sheria haikuwa ikipima kemia, ilikuwa ikipima nani anabeba mzigo wa kuthibitisha, na mzigo huo sasa ulikuwa mgongoni mwa anayeuza unga.

Kwa kipande chetu cha nafaka maana yake ilikuwa nzito. Unga usingekatazwa, usalama wake haukuwa na shaka. Ungebaki kwenye pakiti, ukihesabiwa kwenye mstari wa kabohaidreti. Lakini mstari wa nyuzinyuzi ungeporomoka hadi ziliko zile chache za oti, na jina la bidhaa lingebaki likielea hewani. Tarehe ya kutekeleza lebo mpya kwa makampuni makubwa iliwekwa Julai 2018 (baadaye ikasogezwa hadi Januari 2020). Novemba 2016 FDA ikachapisha mapitio ya kisayansi ya vitu 26 vya namna hii, inulini ikiwamo, na kuwataka wenye ushahidi waulete.

Bakteria hawakukubaliwa kuwa mashahidi

Mtu angetegemea makampuni yafungue kesi yao na bakteria. Huko ndiko inulini ilikojengea jina. Mwaka 1995 Glenn Gibson na Marcel Roberfroid, Mwingereza na Mbelgiji, walipendekeza neno jipya, pribayotiki, kwa chakula kisichomeng'enywa ambacho huwachagua bakteria wachache wenye faida ndani ya utumbo mpana na kuwakuza. Mwaka huo huo Gibson na wenzake wakachapisha jaribio dogo: watu 8 wa kujitolea waliokula gramu 15 kwa siku za minyororo mifupi ya fruktosi badala ya sukari, na baadhi yao baadaye wakala inulini. Bakteria wa jamii ya Bifidobacterium wakaongezeka hadi kutawala. Majaribio mengine mengi yamerudia jambo hilo. Kama kuna kitu kimoja ambacho sayansi ya inulini ina uhakika nacho, ni hicho.

FDA haikukataa kwamba inatokea. Ilikataa kwamba inatosha. Orodha yake ya manufaa yanayokubalika ilihusu mwili wa mlaji: kushusha sukari ya damu au lehemu, kushusha shinikizo la damu, kuongeza idadi ya kwenda choo, kuongeza ufyonzwaji wa madini, kupunguza kiasi cha kalori mtu anachokula. Kuchachushwa na kubadilika kwa bakteria, ilisema, ni mchakato. Huenda mchakato ukaleta manufaa, huenda usilete. Onyesha manufaa yenyewe. Wenzao wa Ulaya, EFSA, nao wamekuwa na msimamo huo: idadi ya bakteria kupanda, peke yake, si faida ya kiafya.

Nimeusoma msimamo huu mara nyingi nikitafuta pa kuulaumu, sijapaona. Hakuna mtu aliyewahi kwenda kwa daktari akilalamika kuwa bakteria wake wa aina fulani wamepungua. Anakwenda kwa sababu hapati choo, au mfupa umevunjika, au sukari imepanda. Watu wawili wenye afya njema wanaweza kuwa na bakteria tofauti kabisa tumboni. Bila kujua idadi ipi ndiyo njema, kusema imeongezeka ni sawa na kumsifu mvuvi kwa kutaja urefu wa nyavu zake.

Kwa hiyo inulini ilibidi itafutiwe mlango mwingine. Sukari ya damu na lehemu? Majaribio yalipingana. Mlango uliofunguka ulikuwa kalsiamu.

Jaribio linalotajwa zaidi lilifanyika Houston, likiongozwa na Steven Abrams, likachapishwa mwaka 2005. Vijana kama 100 waliokuwa wanaingia balehe, umri ambao mifupa inajenga kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa gramu 8 kwa siku za mchanganyiko wa minyororo mifupi na mirefu ya inulini, la pili unga wa wanga wa kawaida, maltodekistrini, kwa mwaka mzima. Ufyonzwaji wa kalsiamu ulipimwa kwa isotopu, yaani kalsiamu yenye alama inayoweza kufuatiliwa mwilini. Baada ya wiki 8 kundi la inulini lilikuwa mbele kwa asilimia 8.5; baada ya mwaka, kwa asilimia 5.9. Mifupa yao ilikuwa imekusanya kama gramu 35 zaidi za madini kuliko ya wenzao.

Na inafanyaje kazi? Kalsiamu nyingi hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, lakini inayobaki hushuka hadi utumbo mpana, na huko kwa kawaida hupotea na kinyesi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba bakteria wakiichachusha inulini, asidi wanazotoa huufanya utumbo mpana kuwa mchachu zaidi, kalsiamu inayeyuka, na kilichoyeyuka kinaweza kuvuka ukuta wa utumbo. Yaani kazi ni ya bakteria wale wale! FDA iliwakatalia kusimama kizimbani, halafu ikapokea walichokizalisha. Ni kama hakimu anayemfukuza mpishi mahakamani lakini pilau yake anaila.

Juni 2018 FDA ikatangaza vitu vinane vya nyongeza ambavyo ilikusudia kuviingiza kwenye kanuni, na inulini pamoja na minyororo ya jamii yake ilikuwa mmojawapo, sababu ikiwa kalsiamu. Wakati kanuni rasmi inasubiriwa, ikasema, haitawabana wanaovihesabu kama nyuzinyuzi. Viwanda vilipumua.

Ng'ambo ya bahari unga huo huo ulikuwa umeshapita mlango wa tatu. Mwaka 2015 EFSA ilikubali, na Desemba mwaka huo Tume ya Ulaya ikaidhinisha, kauli kwamba inulini ya chikori inasaidia utumbo kufanya kazi kama kawaida kwa kuongeza idadi ya kwenda choo. Mwombaji alikuwa BENEO-Orafti ya Ubelgiji, na ushahidi ulikuwa wake, kwa hiyo alipewa miaka 5 ya kuitumia kauli hiyo peke yake. Sharti likaandikwa wazi: angalau gramu 12 kwa siku, na mnunuzi aambiwe hivyo. Marekani mifupa, Ulaya choo. Bakteria, waliovumisha jina, hawakuandikwa popote.

Hesabu ya gramu

Hapa ndipo ninapoona udhaifu wa uamuzi wa Marekani, na sioni ukizungumzwa vya kutosha. Ushahidi wa mifupa ulitokana na gramu 8 kila siku, kwa mwaka, kwa vijana wa umri mmoja maalumu. Lakini kitu kikishaitwa nyuzinyuzi, kila gramu yake inahesabika, kwa kila mtu, bila kiwango cha chini. Kijana wa miaka 12 na mzee wa miaka 70 wanasoma namba ile ile. Ulaya, kwa dai la choo, ilimfunga mtengenezaji kwenye gramu 12. Marekani ilitoa hadhi, haikutoa kipimo.

Kanuni ile ile ya 2016 ilibana mahali pengine kimyakimya. Kiwango cha nyuzinyuzi kwa siku kilipandishwa kutoka gramu 25 hadi 28. Kuitwa chanzo kizuri cha nyuzinyuzi kunahitaji asilimia 10 ya kiwango hicho kwa mlo mmoja. Kuitwa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi kunahitaji asilimia 20. Mtengenezaji aliyezoea kuweka gramu 5 alikuwa juu ya mstari kwa kiwango cha zamani, asilimia 20 kamili. Kwa kiwango kipya gramu 5 ni asilimia 18, na neno "nyingi" linaondoka kwenye pakiti. Ili kulirudisha anahitaji gramu 5.6. Zile gramu 9 za kipande chetu zilishuka kutoka asilimia 36 hadi 32 bila mtu kugusa mapishi. Ni rahisi kukisia nini kilifuata katika vyumba vya majaribio: unga zaidi kidogo.

Lebo mpya pia ilileta mstari wa sukari iliyoongezwa. Hapo inulini ilipata thamani ya pili. Ukitoa gramu 5 za sukari na kuweka gramu 5 za minyororo mifupi, mstari mmoja unashuka na mwingine unapanda, na kalori zinapungua pia, kwa sababu sukari huhesabiwa kalori 4 kwa gramu na nyuzinyuzi zinazoyeyuka huhesabiwa 2.

Nitaje kwa haraka kwamba unga huu hausimami imara kila mahali. Kwenye kinywaji kichachu kinachokaa muda mrefu kwenye joto, minyororo hukatika na kurudi kuwa fruktosi, yaani sukari. Kwenye unga wa mkate hamira hula sehemu yake kabla mkate haujaingia tanuri. Mtengenezaji makini hupima bidhaa mwisho wa muda wake wa kukaa dukani. Asiye makini hupima siku ya kwanza.

Sasa gesi. Bakteria wakiichachusha inulini wanatoa haidrojeni na kaboni dioksaidi, na hizo lazima zitoke. Minyororo mifupi huchachuka haraka na huleta msukosuko mkubwa kuliko mirefu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 kwa watu wazima wenye afya uliona hadi gramu 10 za inulini asilia zilivumilika vizuri, ilhali kwa minyororo mifupi kiwango cha amani kilikuwa kama gramu 5. Mwenye utumbo msumbufu huumia hata kwa kiasi kilicho chini ya hapo. Minyororo ya fruktosi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuondolewa kwenye mlo uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kwa ajili ya watu hao. Ukiziweka gramu hizi kando ya zile za ushahidi, unaona ulivyobana mlango: gramu 8 kwa mifupa, 12 kwa choo, na tumbo la wengine linaanza kunung'unika kwa 5. Njia ya kuuvuka ni kuanza kidogo na kupanda taratibu, kama tunavyomwambia mtu aliyeacha maharage kwa muda mrefu. Hilo haliandikwi kwenye pakiti, wala sheria hailidai.

Neno "pribayotiki" lenyewe ndilo lililobaki bila mlinzi. Ulaya, Tume inalihesabu kuwa dai la afya, kwa hiyo huwezi kulichapa tu. Marekani FDA haijaliwekea maana ya kisheria. Soda zenye inulini zikaingia sokoni na neno hilo likiwa mbele ya kopo, si kwa maandishi madogo nyuma. Mojawapo, Poppi, ilitumia inulini ya mgave, na nyuzinyuzi zake zilikuwa gramu 2 kwa kopo. Mwaka 2024 ilishtakiwa California na mnunuzi aliyedai kwamba gramu 2 hazitoshi kumfaidi mtu tumboni, na kwamba ingembidi anywe zaidi ya makopo manne kwa siku, wakati huo sukari yake ikiwa imeshakula faida yote. Machi 2025 PepsiCo ikatangaza kuinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 1.95. Mwaka huo huo kampuni ya soda ikakubali kulipa dola milioni 8.9 kuimaliza kesi, bila kukiri kosa, na hakuna hakimu aliyefika mahali pa kusema ni gramu ngapi.